Kuchagua Makasha ya Filamu kwa Kamera Yenye Macho Mawili

Mazungumzo kwa wapiga picha wa Lamu na visiwa vyake



Mtu akifumba jicho moja, kisha akajaribu kutunga uzi katika tundu ya sindano, hukawia kidogo kabla ya kufaulu. Jicho lililobaki lauona uzi, na laiona sindano, lakini haliwezi kusema barabara kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Binadamu amepewa macho mawili yaliyoachana kadiri ya milimita 65. Kila jicho huona dunia kwa upande wake, na akili huziunganisha picha hizo mbili zikawa kitu kimoja chenye mbele na nyuma.

Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838, akatengeneza chombo kiitwacho stereoskopu. Mtu akichungulia ndani yake, jicho la kulia laona picha moja na jicho la kushoto laona nyingine. Mara picha huacha kuwa karatasi, ikawa kama mlango uliofunguliwa. Chombo hicho hakikukawia kufika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la mto Nile, alipiga picha za namna hiyo mjini Unguja. Baadaye, walipokwenda bara, aliiacha kamera akashika kalamu ya kuchorea, kwa kuwa kazi ya kusafisha picha ndani ya hema lenye joto kali ilimshinda. Habari hiyo yafaa kukumbukwa, maana joto lililomshinda Grant liko mpaka leo, nalo lina neno lake katika shauri la kuchagua vyombo.

KWA NINI LAMU

Hapana shaka kwamba picha za kawaida za Lamu ni nyingi sana. Tangu mji wa kale ulipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni wamekuwa wakipita na kamera zao kila msimu. Lakini uzuri wa nyumba za Lamu hauko katika rangi yake. Uko katika kina. Zidaka zimepangwa ukutani safu juu ya safu, kila kimoja ni shimo dogo lenye kivuli chake. Nakshi za chokaa hazina rangi ila nyeupe, nazo huonekana kwa kuwa sehemu moja imeinuka na nyingine imezama. Milango ya mbao imechongwa. Dari ni boriti za mikoko zilizopangwa sambamba. Picha ya jicho moja huvilaza vitu hivi vyote vikawa bapa kama mkeka. Picha za macho mawili huvirudishia umbo lake.

Tena kuna haraka. Ukuta wa mawe ya matumbawe huishi muda mrefu maadamu una paa. Paa likivuja, maji huingia kati ya mawe, chokaa hulegea, na nakshi zilizofanywa na fundi kwa miezi huanguka kwa masika machache. Katika kisiwa cha Pate watu hulima tumbaku katikati ya magofu ya mji wa kale, na kuta huzidi kupungua. Takwa, katika kisiwa cha Manda, ni mji uliostawi katika karne za 16 na 17 kisha ukahamwa. Bwana James Kirkman aliufukua mwaka 1951, na leo mgeni huona msikiti, sehemu ya boma na mibuyu. Usam Ghaidan alizipima nyumba za Lamu na kuzichora, akatoa kitabu mwaka 1975. Michoro ile ina faida kubwa, lakini kipimo hakionyeshi namna nuru ya asubuhi inavyoingia ndani ya kidaka. Kwa hivyo mtu apigaye picha za macho mawili hafanyi mchezo wa watoto. Anaweka ushahidi wa kitu ambacho huenda mjukuu wake asikikute.

Na hapa ndipo linapotokea shauri la kasha la filamu. Kwa picha ya kawaida, filamu ikiingiwa na nuru pembeni, picha yaweza kukatwa ikabaki nusu njema. Kwa picha za macho mawili haiwi hivyo. Picha ya kulia ikiharibika, ya kushoto haina kazi tena, hata ikiwa safi kama kioo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hasara ya upande mmoja ni hasara ya pande zote mbili.

NAMNA NNE ZA KUPAKIA FILAMU

Kasha la filamu ni kile kisanduku kinachokaa nyuma ya kamera, kinachoishika filamu gizani na kuinyosha mbele ya lenzi. Filamu inayozungumzwa hapa ni ile ya ukubwa wa kati iitwayo 120, ambayo kampuni ya Kodak ilianza kuiuza mwaka 1901, nayo yatengenezwa mpaka leo. Imeviringishwa pamoja na karatasi nyeusi mgongoni, na rola moja hutoa picha 12 za mraba, za sentimita 6 kwa 6. Ilikuwapo pia filamu 220, iliyotolewa mwaka 1965, yenye urefu maradufu na isiyo na karatasi mgongoni. Viwanda vikubwa vya Marekani na Japani vimekwisha kuacha kuitengeneza. Kwa hivyo mtu akiuziwa kasha la 220 kwa bei rahisi, na afikiri mara mbili. Kasha hilo limepimwa kwa filamu nyembamba isiyo na karatasi, na filamu 120 ndani yake huenda isikae mahali pake sawasawa.

Ziko namna nne ambazo mpiga picha aweza kuchagua.

Namna ya kwanza ni kamera iliyoundwa na lenzi mbili, inayopiga picha mbili kwa mara moja juu ya filamu moja. Wajerumani wa kiwanda cha Franke & Heidecke walitoa Rolleidoscop mwaka 1926. Warusi walitoa Sputnik katika miaka ya 1950, inayotumia filamu 120 na kutoa jozi 6 kwa kila rola. Kamera hizi hazina kasha la kubandua. Filamu hukaa ndani ya mwili wake.

Namna ya pili ni kamera kubwa ya mikunjo, yenye nafasi ya kubandika makasha nyuma. Fundi huitia lenzi mbili mbele na kizuizi cheusi katikati ili nuru ya kulia isiingie kushoto. Nyuma hubandikwa kasha la filamu 120 linalotoa picha ndefu ya sentimita 6 kwa 12. Picha hiyo moja ndefu huwa nyumba ya picha mbili za mraba. Horseman na Linhof walitengeneza makasha ya aina hii, nayo hupatikana yaliyokwisha kutumika.

Namna ya tatu ni kamera mbili zilizo sawa, zilizofungwa juu ya ubao mmoja, kila moja na kasha lake, zikafyatuliwa pamoja.

Namna ya nne ni kamera moja na kasha moja juu ya reli fupi. Mpiga picha hupiga picha ya kushoto, huisogeza kamera milimita 65 kwenda kulia, kisha hupiga ya pili.

Watu wengi hudhani kwamba namna moja yaokoa filamu kuliko nyingine. Na ihesabiwe. Sputnik hutoa jozi 6 kwa rola. Kasha la 6 kwa 12 hutoa picha ndefu 6, yaani jozi 6. Kamera mbili hutumia rola 2 kwa jozi 12. Kamera moja juu ya reli hutoa picha 12, ambazo ni jozi 6. Kumbe hesabu ni ile ile kwa zote! Basi bei ya filamu isiwe sababu ya kuchagua. Sababu na iwe kile kitakachopigwa picha.

KILA KAZI NA CHOMBO CHAKE

Iko kanuni moja nyepesi inayofuatwa na wapiga picha wa namna hii: umbali wa kitu kilicho karibu kuliko vyote, ukigawanywa kwa 30, ndio umbali unaofaa kati ya lenzi mbili. Lenzi zikiachana milimita 65, kitu cha karibu kisiwe chini ya mita 2 hivi. Kikikaribia zaidi, macho ya mtazamaji yataumia kwa kujaribu kuziunganisha picha.

Kanuni hii ina maana kubwa mjini Lamu, kwa kuwa vichochoro vingi ni vyembamba na vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini si vipana. Mtu anayesimama mita 1 mbele ya zidaka ataka lenzi zilizoachana milimita 33 tu. Hakuna kamera mbili za ukubwa wa kati ziwezazo kukaribiana hivyo. Miili yake yenyewe hugongana. Kamera mbili za Hasselblad zikiwekwa bega kwa bega, lenzi huachana kwa zaidi ya milimita 100, na kitu cha karibu lazima kiwe zaidi ya mita 3. Kwa kazi ya zidaka, nakshi na milango, namna ya nne ndiyo bora. Kidaka hakitembei. Kamera moja na kasha moja juu ya reli yatosha, nayo ni rahisi kuliko zote.

Lakini ufukoni mambo ni mengine. Majahazi yayumba, punda wapita na mizigo ya mawe, watu watembea, na upepo wa kusi watikisa minazi. Hapa picha mbili lazima zipigwe kwa nukta moja, ama sivyo punda atakuwa na miguu minane. Kwa kazi hii namna ya kwanza na ya pili zafaa. Na mtu akitaka kuupiga picha mji mzima kutoka ng'ambo ya Manda, milimita 65 hazitoshi. Nyumba zote zitaonekana bapa kwa kuwa ni za mbali. Hapo kamera mbili zilizoachana mita 1 au zaidi zitaonyesha jinsi nyumba zilivyopandana juu ya mwinuko, na ngome, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilivyokaa katikati yake. Walakini asizidishe, maana mji huonekana mdogo kama kitu cha kuchezea.

KULIPIMA KASHA KABLA YA KULINUNUA

Makasha mengi yanayouzwa leo ni ya zamani. Yapo yaliyotunzwa vizuri, na yapo yaliyochoka. Mnunuzi na asitazame rangi ya nje tu. Afanye mambo haya matano.

Kwanza, atazame nambari. Makasha ya Hasselblad ya mfano wa A12 yana sehemu mbili, ganda la nje na kiini cha ndani, nazo zilitoka kiwandani zikiwa na nambari zinazolingana. Nambari zikitofautiana, ina maana kwamba sehemu hizo zimechanganywa, na nafasi kati ya picha na picha huenda isiwe sawa.

Pili, ajaribu kuvuja kwa nuru. Kasha hili lina bamba jembamba la chuma linalofunika filamu wakati lisipokuwa likitumika. Pale bamba linapoingilia pana kizibo laini, nacho huoza kwa miaka, hasa mahali penye joto na chumvi. Na atie filamu, afunge bamba, aliweke kasha juani, aligeuze kila upande kwa dakika chache, kisha aisafishe filamu ile. Ikiwa na michirizi myeusi, kizibo kimekufa. Kukibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi mwenye mikono myepesi, na gharama yake si kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, atazame nafasi za picha. Na achukue filamu mbovu, aitie katika kasha, na kila anapoisogeza achore pambizo za tundu kwa kalamu ya wino. Akiitoa ataona kama picha zimepangwa sawa au zimepandana.

Nne, atazame kunyooka kwa filamu. Katika makasha mengi filamu hukunjwa kinyume juu ya vigurudumu. Ikilala hapo usiku kucha hushika kombo, na kombo lile likifika mbele ya lenzi filamu hubenuka, picha ikapoteza ukali wake. Dawa yake ni nyepesi: filamu isisogezwe baada ya kupiga, bali isogezwe wakati wa kutaka kupiga picha inayofuata. Kwa picha za macho mawili jambo hili ni kubwa, kwa sababu upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia, macho ya mtazamaji hugombana.

Tano, akinunua makasha mawili kwa kamera mbili, ayapime pamoja. Yawe ya mfano mmoja na umri mmoja ikiwezekana. Apige picha ya gazeti lililobandikwa ukutani, kwa kamera ile ile na lenzi ile ile, mara moja kwa kila kasha, huku lenzi imefunguliwa kabisa. Herufi zikiwa kali katika moja na dhaifu katika jingine, makasha hayo si ndugu.

FILAMU BAPA NA VIBEBEO VYAKE

Wako wapiga picha wanaopenda filamu bapa, za inchi 4 kwa 5, zinazotiwa katika vibebeo vyembamba. Kila kibebeo huchukua filamu mbili, moja kila upande, na kila filamu yatosha jozi moja. Faida yake ni kwamba kila jozi yaweza kusafishwa peke yake, kwa dawa na muda unaoifaa. Desturi ni kwamba ukingo mweupe wa bamba ukitazama nje, filamu haijapigwa. Mweusi ukitazama nje, imekwisha kupigwa. Anayesahau kuligeuza bamba atapiga picha mbili juu ya filamu moja.

Lakini kwa visiwa hivi filamu bapa ina taabu yake. Hutiwa kwa mkono, gizani, na mikono hutoka jasho. Mchanga wa Shela ni mwembamba kama unga, nao huingia katika njia ya bamba ukachora mistari juu ya filamu. Chembe moja juu ya picha ya kawaida ni doa dogo. Juu ya picha moja ya jozi, chembe ile huonekana ikielea hewani kama inzi. Kwa kazi ya ndani ya nyumba, mtu mwenye subira aweza kuvitumia vibebeo hivi. Kwa ufukoni na katika mashua, kasha la rola ni salama zaidi.

KUJUA KULIA NA KUSHOTO

Lenzi huigeuza picha juu chini na kulia kushoto. Kamera ya macho mawili ikipiga jozi juu ya ukanda mmoja wa filamu, na ukanda ule ukachapwa kama ulivyo, picha za kulia na kushoto hubadilishana mahali. Hapo dunia hugeuka ndani nje: zidaka hutokeza ukutani kama matiti ya mlango, na nakshi iliyoinuka huonekana imezama. Dawa ni kuikata jozi na kubadilisha nafasi zake wakati wa kuzibandika.

Kwa anayetumia makasha mawili, hatari ni kuzichanganya rola. Wapiga picha wa zamani walichonga pengo dogo sana katika ukingo wa tundu la kasha moja. Pengo lile huonekana pembeni ya kila picha, na halifutiki kamwe. Pamoja na hayo na awe na daftari, aandike kila jozi, mahali, saa na kasha lililotumika. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na rola mbili za kamera mbili na ziwe za kundi moja la kiwanda, zisafishwe katika tangi moja kwa wakati mmoja. Dawa nyingi za kusafishia filamu zimepimwa kwa maji ya digrii 20. Maji ya bomba la Lamu wakati wa kaskazi ni ya moto kuliko hivyo, na filamu hupikwa kupita kiasi. Beseni lenye barafu chini ya tangi huliondoa tatizo hili. Maji ya visima yenye chumvi yasitumike kwa suuzo la mwisho.

KUILINDA FILAMU SAFARINI

Anayesafiri kwa ndege mpaka Manda na aichukue filamu mkononi, wala asiitie katika mzigo wa chini, kwa kuwa mashine za kukagua mizigo hutoa miali iwezayo kuifunika filamu kwa ukungu. Akiomba kwa adabu ikaguliwe kwa mkono, atakuwa amefanya yaliyo juu yake. Katika mashua, makasha yawe ndani ya mfuko usiopitisha maji, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Filamu iliyotoka kwenye friji isifunguliwe papo hapo. Iachwe saa mbili ipate joto la chumba, ama sivyo umande utaganda juu yake. Na bamba la kasha livutwe katika kivuli, hata kama kivuli chenyewe ni cha mwili wa mpiga picha.

Lipo neno moja lisilohusu chombo, lakini ni kubwa kuliko vyombo vyote. Nyumba ni sitara ya watu. Asiingie mtu na kamera bila ya kupiga hodi na kupewa ruhusa na wenyewe, wala asimpige picha mama wa watu barazani bila ya ridhaa yake. Misikitini na aulize kwanza. Magofu ya kale yako chini ya ulinzi wa sheria. Asipande juu ya ukuta wala kuegemeza miguu ya kamera juu ya nakshi.

Basi, kwa kufupisha: anayeanza na aanze na kamera moja, kasha moja lililopimwa na reli fupi, apige zidaka na milango. Akiisha kuzoea, na akipata fedha, aongeze kamera ya lenzi mbili kwa ajili ya watu na majahazi. Kamera mbili zenye makasha mawili ziwe za mwisho, kwa kuwa ndizo zinazodai uangalifu mwingi kuliko zote. Kasha jema halionekani katika picha, na hakuna mtazamaji atakayelisifu. Lakini kuta zilizosimama Pate na Siyu leo hazitangoji mtu arudi mara ya pili kwa sababu kizibo kilikuwa kibovu.